Kamusi ya Kichina kwenye simu: namna ya kuipanga isikudanganye

Kununua na kuuza, kwa Kichina, ni neno moja katika sikio la Mswahili. Kununua ni mǎi na kuuza ni mài. Hata maandishi yake yafanana: 买 ni nunua, 卖 ni uza, na linalozitofautisha zaidi ni kile kijialama kama cha kujumlisha kilichokaa juu ya hii ya pili. Katika Pleco, kamusi ambayo wanafunzi wengi wa Kichina hutembea nayo simuni, maneno haya hupambanuliwa kwa rangi: nunua ni buluu, uza ni zambarau. Sasa chukua simu ya bei nafuu, ipunguze mwangaza ili chaji ifike jioni, simama nayo nje jua likiwa la utosi, kisha uniambie buluu ni ipi na zambarau ni ipi.

Vijana wa Pwani wanaokwenda kutafuta riziki Nairobi aghalabu hupanga pale ambapo kodi yabebeka, na Kibera na Kawangware ni miongoni mwa mitaa hiyo. Kibera kwa hakika si ugenini kwetu. Mtaa wenyewe ulianzishwa na Wanubi, askari wa King's African Rifles waliokaa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, Waislamu ambao baina ya Kiswahili chao na chetu hapahitajiki mkalimani. Lakini la leo ni majirani. Ukivuka Barabara ya Ngong kutoka Kibera waingia Kilimani na Hurlingham. Kutoka Kawangware, hatua chache uko Lavington. Pande hizo ndiko kwenye mikahawa na maduka ya Wachina, na maghorofa mengi yanayoota huko yana wakandarasi Wachina. Kwa hivyo mtu wa Kibera anayeamkia mjengoni, jikoni au dukani hukutana na Kichina kabla hajanywa chai: kwenye katoni, kwenye swichi ya mashine, kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Mwenye nafasi husoma darasani. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ipo tangu 2005, ya kwanza barani Afrika, na mwaka 2019 taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, ilitangaza kwamba Kichina kitafundishwa katika shule za msingi. Asiye na nafasi hujifunza kwa simu usiku, baada ya kazi. Huyu ndiye ninayemwandikia. Mwenziwe wa darasani ana mwalimu wa kumwambia "hapana, si hivyo". Mwalimu wa huyu ni kioo cha simu, na kioo kikimwonyesha vibaya atajua vibaya.

Pleco ilianzishwa na Mmarekani Michael Love mwaka 2000, enzi za vile vijikompyuta vya kiganjani vya Palm. Leo ipo kwa Android na kwa iPhone. Kamusi yake ya msingi ni ya bure na, ikishapakuliwa, haili bando. Maneno yote yamo ndani ya simu. Kwa mtu anayenunua bando la saa moja moja hilo si dogo. Viongezeo kama kusoma maandishi kwa kamera na kadi za kukariri hulipiwa, na kwa maoni yangu mwanzoni huvihitaji. Kasoro yake kwetu ni kwamba maana zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Kibera anatoka Beijing kwenda nyumbani kwa kupitia London, ajabu ya mambo, ilhali Beijing yenyewe yatangaza kwa Kiswahili redioni tangu 1961. Dawa ya hilo haimo katika mipangilio. Ni daftari: kila neno unalolipata, andika Kiswahili chake kando kwa mkono wako.

Mengine yote yamo katika mipangilio. Bonyeza alama ya vistari, menyu ifunguke, utafute neno Settings. Majina ya vifungu vilivyomo hubadilika toleo hadi toleo, na Android na iPhone hazilingani, basi usikariri njia, jua unachokitafuta. Na usiogope. Chochote utakachogusa humo hurudishwa.

Anza na aina ya herufi. Serikali ya China ilianza kurahisisha maandishi yake mwaka 1956, na tangu hapo pana Kichina cha namna mbili kwenye karatasi. China Bara na Singapore huandika kwa herufi zilizorahisishwa. Taiwan, Hong Kong na Macau hushika zile za jadi. Chagua zilizorahisishwa, kwa sababu mashine, dawa na karatasi nyingi zinazofika Nairobi zatoka China Bara. Utaona umuhimu wake kwenye swichi. Kuwasha au kufungua ni 开, kuzima au kufunga ni 关, na mtu akizitazama mara mbili tatu hazimpotei. Kwa herufi za jadi maneno hayo hayo ni 開 na 關. Zote mbili zimefungiwa ndani ya lango, na kwenye kioo kidogo utaona milango miwili iliyofanana. Aliyejizoesha hizo nyumbani, akifika asubuhi mbele ya mashine ya kuchanganya zege, ataikodolea macho 关 kama hajawahi kuiona. Kipo pia kifungu cha kuonyesha namna zote mbili kwa pamoja, moja ikiwa ndani ya mabano. Kizime. Chajaza kioo bure, isipokuwa kama wafanya kazi kwa mtu wa Hong Kong au Taiwan.

Na ukiona kando ya neno vijialama mfano wa ㄇㄞˇ, usimpelekee fundi simu. Hiyo ni bopomofo, njia ya Taiwan ya kuandika matamshi. Rudi kwenye kifungu cha matamshi uchague pinyini, yaani matamshi ya Kichina kwa herufi za Kirumi, iliyoidhinishwa na China mwaka 1958.

Sasa toni, na hapa tukae kidogo.

Kichina sanifu kina toni nne na nyingine dhaifu isiyotiwa alama. Pleco huja na rangi zake: toni ya kwanza nyekundu, ya pili kijani, ya tatu buluu, ya nne zambarau, ile dhaifu kijivu. Sisi tulionyonya Kiswahili hatuna toni. Tuna mkazo, nao karibu daima hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana hatuufikirii. Liko neno moja linalotushtua: barabara. Ukikaza "ba" ya pili, baraBAra, ni njia ya magari. Ukikaza "ra" ya kwanza, baRAbara, ni sawasawa. Mzungu akilikosea twacheka. Basi Kichina ni lugha ambayo karibu kila neno lake ni barabara, na safari hii anayechekwa ni wewe. Mdigo, Mgiriama, Mkamba na Mjaluo wana nafuu hapa, kwa kuwa lugha zao za nyumbani zina toni. Sikio lao limeshafunzwa. Wasilizime kwa kudhani Kichina husomwa kama Kiswahili.

Rangi ziliwekwa ili kusaidia, na siku za mwanzo zasaidia. Tatizo ni kwamba jicho hujifunza haraka kuliko sikio. Baada ya wiki mbili wajua kwamba supu ni nyekundu na sukari ni kijani, lakini hujui supu husemwaje. Supu ni 汤, tāng. Sukari ni 糖, táng. Jikoni hakuna rangi. Mpishi mkuu akipiga kelele kutoka kwenye moto hapigi kelele kwa kijani. Wewe ndiwe utakayefika na bakuli mahali palipotakiwa kopo la sukari, na mteja anangoja.

Tena rangi zenyewe hazikuchaguliwa kwa ajili ya kioo chako. Wapo wanaume wasiopambanua nyekundu na kijani tangu kuzaliwa, na wengine hufika utu uzima bila kujua. Kwa mtu huyo supu na sukari ni kitu kimoja. Buluu na zambarau nazo, kwenye kioo kilichopunguzwa mwangaza, hukaribiana hata kwa mwenye macho mazima, nawe umeshaona kwamba hapo ndipo walipokaa kununua na kuuza. Kwa mwenye kazi ya duka, hilo ni kosa la fedha.

Programu hukuruhusu kubadilisha kila rangi peke yake. Usizichague kwa uzuri. Zichague kwa uzito, moja nyepesi na nyingine nzito, kiasi kwamba ukipiga picha ile ya rangi nyeusi na nyeupe ungali wazitenga. Ukishindwa kuamua, badilisha moja tu: toni ya nne itoe kwenye zambarau uitie nyeusi, kama usuli wako ni mweupe. Hapo 买 na 卖 zimeachana.

Mimi lakini ningekwenda mbele zaidi, nizizime rangi zote baada ya miezi miwili hivi. Pinyini ina alama juu ya irabu, na alama hizo ni werevu kuliko rangi kwa sababu zachora njia ya sauti. Mstari uliolala, ā, sauti yakaa juu bila kutikisika. Mstari unaopanda, á, sauti yapanda kama ya mtu anayeuliza "eeh?" Bonde, ǎ, yashuka chini. Mstari unaoporomoka, à, yaanguka kama ya mama akikataza. Nyekundu haikwambii lolote kuhusu sauti, ila alama hizi hata asiyewahi kufundishwa huweza kuzifuata kwa kidole. Na unapotafuta neno, jizoeshe kuandika toni kwa tarakimu: mai3 upate nunua, mai4 upate uza. Ukiandika mai tupu kamusi itakumwagia maneno yote, nawe utachagua kwa kubahatisha.

Herufi za pinyini nazo zina hila zake. Zimevaa nguo za Kirumi lakini si za kwetu. Herufi q huelekea "ch" yetu, x huelekea "sh", c ni "ts", zh huelekea "j". Asiyeambiwa atasoma kama anavyosoma gazeti. Hapa lakini mtu wa Mvita ana bahati ambayo mwenziwe aliyekulia Nairobi huenda hana. Wazee wetu wa Mombasa hawachanganyi tembo la mgema na t'embo wa porini: la mgema halina pumzi, la ndovu lina pumzi. Vivyo hivyo paa la nyumba na p'aa wa mwituni. Basi hiyo ndiyo tofauti ya d na t, ya b na p katika pinyini. 大, kubwa, huandikwa dà, lakini mwanzo wake ni ule wa tembo la mnazi. 他, yeye, huandikwa tā, na mwanzo wake ni ule wa ndovu. Vijana wengi wa leo wameiacha pumzi hiyo. Nyanya bado yuko nayo, kamsikilizeni.

Ukishaijua pinyini, ifiche. Najua wapo walimu wasiopenda haraka hii, na hoja wanayo, lakini tazama mtihani. HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, katika mpangilio wake uliozoeleka una ngazi sita. Karatasi za ngazi ya kwanza na ya pili zina pinyini sambamba na herufi za Kichina. Kuanzia ngazi ya tatu, yenye maneno kama 600, pinyini haipo. Aliyesoma kwa simu mwaka mzima akiwa na pinyini mbele ya macho huipita ngazi ya pili kwa shangwe, kisha akafungua karatasi ya tatu akakuta ukuta. Na udhamini wa kwenda kusoma China mara nyingi huanzia hiyo ya tatu kwenda juu. Jicho la mwanadamu ni vivu. Likiona herufi za Kirumi kando ya za Kichina, litakimbilia za Kirumi kila mara, na huwezi kulishinda kwa nia njema.

Njia ya kati ni hii. Iache pinyini kwenye kichwa cha neno, mahali unapokwenda kuuliza matamshi. Iondoe kwenye sentensi za mifano. Sentensi hizo ndizo shule yako ya kusoma, na shule yenye majibu ubaoni haifunzi. Neno likikushinda ndani ya sentensi, liguse litafunguka. Huko kuguswa kuna gharama kidogo ya wakati, na gharama hiyo ndiyo inayolifanya neno likae kichwani.

Ukubwa wa maandishi wengi huupuuza mpaka waumizwe. 未 ni bado, 末 ni mwisho. Zitazame tena. Zote zina mistari miwili iliyolala. Katika ya kwanza ule wa juu ni mfupi, katika ya pili ule wa juu ni mrefu, basi. 土 ni udongo, 士 ni msomi au askari, na tofauti ni ile ile. Kwenye maandishi madogo hizi hazisomeki, hukisiwa. Programu hukuachia kuukuza mwandiko wa kichwa cha neno bila kuyakuza maelezo ya Kiingereza, na hivyo ndivyo inavyofaa kwenye kioo kidogo: kichwa kikubwa sana, maelezo madogo. Nyosha mkono wote ukiwa umeshika simu. Kama 未 na 末 zachanganyika kwa umbali huo, ongeza.

Kuhusu usuli mweusi, watu huniambia waokoa chaji. Si kwa kila simu. Wa AMOLED huokoa, kwa sababu kila nukta nyeusi imezimwa. Kioo cha LCD, ambacho ndicho kilicho katika simu nyingi za bei ya chini, kina taa nyuma inayowaka vile vile, uwe mweusi au mweupe. Hapo kinachookoa chaji ni kupunguza mwangaza. Usuli mweusi una faida nyingine, ya chumba kimoja: waweza kusoma saa tano za usiku bila kumulika watoto waliolala. Mchana nje, rudi kwenye mweupe na herufi nyeusi.

Limebaki la karatasi za kazi, nalo ndilo linaloweza kumtoa mtu machozi. Maneno ya kuyajua ni machache. 工资, gōngzī, ni mshahara. 加班, jiābān, ni kufanya kazi zaidi ya saa zilizowekwa. 扣, kòu, ni kukata, na pale liliposimama mbele ya mshahara, 扣工资, ni fedha zako zinazokatwa. Liangalie vyema: ukiacha ule upande wake wa kushoto, linalobaki ni 口, kǒu, mdomo. Kwenye maandishi madogo, na kwa mtu aliyezoea rangi, ni rahisi kulipita ukidhani ni neno la chakula.

Usitie sahihi kwa kuitegemea kamusi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyeielewa lugha ya mkataba ameelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Hiyo ni haki yako, si fadhila, na Kiswahili kimo. Kazi ya kamusi ni kukuonyesha ni mstari gani wa kuulizia. Ukipewa karatasi, kuza herufi, pitisha kidole taratibu, na utafute 扣 kabla ya neno jingine lolote.